Barua ya wazi kwa wenye majengo: kitufe kiunganishwe

Kwa wamiliki, mameneja na wasimamizi wa majengo ya ofisi,
Dar es Salaam na Dodoma.

YAH: MIFUMO JANJA YA KUPOZA HEWA NA WATU WANAOKAA NDANI YAKE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze kwa kukiri kosa. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Kazi hii nilianza kwa kumbebea ngazi mzee aliyenifundisha, na leo nina vijana wanaonibebea mimi. Miaka kadhaa iliyopita, katika ghorofa moja la hapa mjini ambalo sitalitaja, meneja aliniagiza nifunge kidude ukutani kwenye ofisi ya wazi yenye watu thelathini na ushee. Kidude chenyewe kizuri, kina kioo kidogo, mshale wa juu na mshale wa chini. Ukibonyeza, namba inapanda au inashuka. Ndani kina betri mbili. Nyuma kina nyaya mbili, na nyaya hizo niliambiwa nisiziunganishe na kitu chochote. Nikazikunja, nikazisukumia ndani ya ukuta, nikafunika. "Wape kitu cha kubonyeza," aliniambia meneja, "watatulia."

Wakatulia kweli. Karibu mwezi mzima simu ya malalamiko haikulia. Kila asubuhi mama mmoja mhasibu, mtu mzima aliyekuwa anakaribia kustaafu, alikuwa akipita pale, anapandisha namba mpaka 26, anashusha mtandio mabegani, anakaa kwenye meza yake. Chila, yaani mtambo mkubwa wa kupoza ulio juu ya paa, ikaendelea kupiga baridi ile ile ya nyuzi 21.

Kisha akaja fundi rangi. Aliking'oa kidude ili apake ukuta vizuri, na nyaya zikachungulia zimejikunja kama jongoo. Mama akaziona. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Kumbe siku zote mwanangu ulikuwa unanichezea shere."

Tangu siku hiyo ghorofa ile haikuandika hata mstari mmoja kwenye daftari la malalamiko. Meneja aliliona daftari jeupe akajua mambo ni shwari. Mimi niliyekuwa napanda darini kila mwezi kusafisha filta nilijua malalamiko yamehamia wapi: matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa maboksi ya karatasi za fotokopi na gundi ya nailoni, mengine kwa mifuko, moja kwa kalenda ya mwaka uliopita. Chini ya meza mbili nilikuta hita za umeme. Hita, waheshimiwa, Dar es Salaam, mwezi wa pili, nje jua linapasua kichwa. Jengo lilikuwa linalipia umeme wa kupoza, halafu linalipia umeme mwingine wa kupasha kile kile lilichokipoza.

Nawaandikia sasa kwa sababu wauzaji wanapita kwenye ofisi zenu na vishikwambi mkononi, wakiwaonyesha mifumo inayomjua kila mfanyakazi anapenda hewa ya namna gani, na inayojirekebisha yenyewe kumfuata. Sina ugomvi na teknolojia hiyo. Nimeisoma, nimefunga vipande vyake, na pengine naiamini kuliko baadhi ya wanaoiuza. Hofu yangu ni kwamba mtanunua kidude kile kile nilichofunga mimi, safari hii kwa dola.

Tuanze na namba yenyewe. Kwenye mikataba mingi ninayopewa imeandikwa nyuzi 22 au 23, basi. Namba hiyo inapimwa na kihisi kimoja (vijana wangu wanakiita sensa, na kila serikali ikihesabu watu utani unaanza upya) ambacho kimefungwa mahali palipokuwa rahisi kwa fundi, aghalabu kwenye korido. Kihisi kinasema 23. Lakini aliyekaa dirishani upande wa magharibi saa tisa alasiri ana habari nyingine: kioo kimeshika moto na kinampiga joto la shavuni kama mtu aliyeota jiko, ingawa hewa inayomzunguka ni baridi. Mwenzake, hatua nne tu kutoka hapo, yuko chini ya tundu, hewa inamshukia kisogoni kutwa nzima. Kihisi kiko koridoni, hakimjui huyu wala yule.

Haya si maneno ya fundi wa mtaani peke yake. Profesa Fanger wa Denmark alishayachambua mwaka 1970. Alionyesha kwamba mwili unasikia joto au baridi kwa mambo sita: joto la hewa, joto linalotoka kwenye kuta na vioo, mwendo wa hewa, unyevunyevu, nguo uliyovaa, na kazi unayoifanya. Aliyapata majibu yake kwa kuwaweka vijana wa vyuo wa Marekani na Denmark ndani ya chumba cha majaribio, akatengeneza fomyula ambayo ndiyo mama wa viwango vingi vinavyotumika duniani. Na hata kwa hesabu yake mwenyewe, ukipatia yote sita bila kukosea, asilimia 5 ya watu bado watakuwa hawajaridhika. Fomyula ni ya mtu wa wastani. Mtu huyo sijawahi kukutana naye kwenye lifti.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, waliuliza huyo wa wastani ni nani hasa. Wakakuta kwamba kipimo cha joto linalozalishwa na mwili, kile kinachotumika kwenye viwango hivyo, kilitokana na mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70, na kwamba kwa wanawake kinaweza kuzidisha hadi asilimia 35. Sasa mchukue mwanamume huyo, mvalishe suti ya vipande vitatu na tai, mpe ofisi ya kona na rimoti. Nadhani wengi wenu mnamjua. Wengine mnanyoa ndevu zake kila asubuhi.

Na hapo kwenye suti nisimame kidogo. Kuna wakati mtumishi wa umma wa nchi hii alikwenda kazini na suti ya Kaunda ya mikono mifupi, akaheshimika. Tukaitupa, tukavaa sufi ya watu wa baridi, halafu tukaagiza baridi yenyewe kwa meli ili sufi ivalike. Japani mwaka 2005 serikali yao ilianzisha kampeni ya kuweka viyoyozi vya ofisi kwenye nyuzi 28 wakati wa kiangazi na kuwaambia watu waache tai nyumbani, wakianzia na mawaziri. Kwetu ingetosha waraka wa ukurasa mmoja.

Nirudi kwenye kitufe. Mnajua themostati ya umeme, yaani kidude cha ukutani cha kurekebisha joto, ilizaliwaje? Ilizaliwa shuleni, Whitewater, jimbo la Wisconsin huko Marekani. Mhudumu wa shule alikuwa anapita darasa hadi darasa kuangalia kama kuna joto au baridi, kisha anateremka chini kurekebisha vilango vya hewa. Mwalimu mmoja, Warren Johnson, alichoka kukatizwa somo. Akatengeneza kifaa cha kupeleka habari kutoka darasani hadi chini kwa mhudumu bila mlango kufunguliwa, akakipatia hataza mwaka 1883. Yaani chombo hiki tangu siku ya kwanza kilikuwa ni mdomo wa aliyekaa chumbani. Sisi tukakihamishia koridoni.

Mifumo mipya, ikifungwa vizuri, inaurudisha mdomo huo. Inavyofanya kazi si miujiza. Mfanyakazi anabonyeza kwenye simu au kompyuta: nasikia baridi, niko sawa, nasikia joto. Pale pale mfumo unaandika joto la hewa karibu naye, unyevunyevu, saa na mahali alipo. Baada ya wiki kadhaa za majibu unaanza kukisia: huyu saa nne asubuhi, akitoka kupanda ngazi, anataka hewa iende kasi, yule baada ya chakula cha mchana anataka iache. Joyce Kim, Stefano Schiavon na Gail Brager wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliliandika wazo hili waziwazi mwaka 2018: badala ya kumpima kila mtu kwa wastani wa wengine, mjenge picha yake kutokana na majibu yake mwenyewe. Amsterdam kuna jengo linaitwa The Edge, lenye vihisi vipatavyo 28,000, ambako mfanyakazi anarekebisha taa na joto la sehemu yake kwa simu.

Wauzaji watawaonyesha picha za Amsterdam. Nawaombeni, kabla hamjazishangaa, mpande na mimi darini.

Kule darini kuna mifereji ya hewa, na kwenye mifereji kuna vilango vinavyofunguka na kufunga. Kila kilango kinahudumia eneo lake. Katika majengo mengi ninayoyajua, kilango kimoja kinalisha watu kumi, kumi na watano, na yapo ambayo ghorofa nzima ni eneo moja. Mfumo unaweza kuwajua watu kumi na watano kwa undani kuliko wake zao na waume zao. Kama kilango ni kimoja, utawapa hewa moja. Mmoja anaomba 22, mwingine 27, mfumo utapiga mahesabu ya kisasa kabisa na kuwapa wote 24 na nusu, nao watanuna wote. Ujanja wa mfumo hauwezi kuzidi idadi ya vilango. Kwa hiyo mkiletewa bei, ulizeni kwanza: vilango vingapi, na kila kimoja watu wangapi? Muuzaji akianza kuzungumzia akili mnemba kabla hajajibu, mpeni chai aende.

Na pale ambapo vilango haviongezeki kwa bei ya kawaida, kuna njia ya karibu zaidi na mwili. Hewa inayotembea inapoza kama hewa iliyopozwa. Upepo wa feni wa wastani, usiopeperusha karatasi, unaweza kufidia kama nyuzi 2 hadi 3. Feni ya dari inakula kitu kama wati 60 au 70. AC ya ukutani ya BTU 12,000, kompresa ikiwaka, inakaribia au kuzidi wati 1,000. Wale wa Berkeley wametengeneza hata kiti chenye vifeni na vitu vya kupasha moto ndani yake, kila mtu na chake, kwa wati chache mno. Singapore, ambako hewa ina joto na unyevu kama yetu ya mwezi wa tatu, chuo kikuu chao cha taifa kilifungua mwaka 2019 jengo linalopozwa kwa namna hiyo: hewa haipozwi sana, feni za dari zinamalizia.

Nilipata bahati ya kulijaribu hili kwenye ghorofa ile ile ya aibu yangu. Meneja alikuwa amebadilika, huyu mpya alikuwa anabanwa na bili. Tulifunga feni sita juu ya safu za meza, kila moja na regaleta yake ukutani karibu na wakaaji, tukapandisha chila kutoka 21 hadi 26. Siku ya kwanza mama mhasibu alizungusha regaleta, akainua uso kutazama kama feni imesikia. Akaizima. Akaiwasha. Akaizima tena. Alifanya hivyo mara nne, na mimi nimesimama mlangoni na bisibisi kama mwanafunzi anayesubiri karatasi yake isahihishwe. Maboksi ya kwenye matundu waliyabandua wenyewe ndani ya wiki hiyo. Hita sikuziona tena.

Kwa nini 26 ya feni iliwafaa watu ambao 21 ya chila iliwakera? Sehemu ni upepo. Sehemu ni ile regaleta. Richard de Dear na Gail Brager mwaka 1998 walikusanya majibu kama 21,000 kutoka majengo ya nchi mbalimbali, wakaona kwamba watu wanaoweza kufungua dirisha wenyewe wanavumilia, tena wanafurahia, joto ambalo wenzao waliofungiwa kwenye jengo lisilo na dirisha la kufungua wangelilalamikia. Mwaka 2004 jambo hilo likaingizwa kwenye kiwango cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupasha na kupoza hewa cha Marekani, kile ambacho wahandisi wetu hukinukuu bila kufika ukurasa huo.

Wazee wa mwambao walilijua bila dodoso. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu, dirisha lenye vibao vya kufungua na kufunga, na baraza. Kaskazi ikivuma unakaa huku, kusi ikigeuka unahamia kule. Bibi anataka joto anabaki ndani, kijana anataka upepo anatoka nje. Kila mmoja alikuwa na kitufe chake. Sisi tumejenga minara ya vioo isiyofunguka hata kidogo, umeme ukikatika dakika ishirini tu kabla jenereta halijashika, watu wanatoka ngazini wamelowa. Na Dodoma, ambako hewa ni kavu na usiku wa Juni na Julai mtu anatafuta blanketi, nakuta michoro ile ile ya Dar es Salaam, vioo vile vile, chila zile zile. Jengo la Dodoma lingeweza kufunguliwa usiku likanywa baridi ya bure mpaka asubuhi. Hili nawaambia hasa ninyi ambao bado mnajenga, kwa sababu dirisha linalofunguka ni rahisi kwenye mchoro na ghali mno kwenye ukuta uliokwisha kusimama.

Sasa jambo ambalo watu wa ofisini wananiuliza kwa sauti ya chini nikiwa juu ya ngazi: "Fundi, hicho kihisi kinarekodi nini?"

Wana haki ya kuuliza. Mfumo unaojua umekaa wapi na kwa muda gani ili ukupoze, unajua pia umetoka saa ngapi na umekaa msalani dakika ngapi. London, Januari 2016, waandishi wa gazeti la Daily Telegraph waliingia kazini wakakuta vijisanduku chini ya meza zao vinavyohisi kama kuna mtu. Uongozi ulisema ni kwa ajili ya kutumia nishati vizuri. Kelele zilizopigwa zilifanya vijisanduku viondolewe mara moja. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Msingojee mtu awapeleke huko. Mtu aambiwe kabla, aweze kukataa na bado apate hewa. Na majibu yake ya joto na baridi yasifike kamwe kwenye meza ya anayeandika ripoti ya mahudhurio. Siku moja tu namba hizo zikitumika kumkata mtu mshahara, hakuna atakayebonyeza ukweli wake tena, na mfumo wenu wa mamilioni utakuwa unajifunza uongo.

Mengine ni ya kifundi, nitayapitia haraka. Nywila za mfumo zikabidhiwe kwa mwenye jengo, si kubaki na kampuni. Nimekuta mitambo mizima iliyogeuka mapambo kwa sababu kijana aliyekuwa na nywila alihama kazi. Vifaa viwe vinazungumza lugha ya wazi kama BACnet, ambayo ipo tangu 1995, ili kihisi kikifa ununue cha kampuni yoyote. Umeme ukikatika na kurudi, mfumo ukumbuke ulikuwa wapi; ipo mingine ambayo kila umeme ukirudi inaanza upya na mipangilio ya kiwandani, na watu wanarudishwa kwenye 21 bila kujua kosa lao. Na mafundi wa ndani wafundishwe, maana mtaalamu wa kutoka nje ataondoka na ndege ya jioni.

Ombi langu kubwa linahusu siku ya makabidhiano. Kawaida siku hiyo anakuja muuzaji na kompyuta yake, meneja na koti lake, picha zinapigwa, grafu zinapanda na kushuka kwenye skrini, cheti kinasainiwa. Safari hii msisaini hapo. Nendeni ghorofa yoyote, chagueni meza tatu: moja dirishani upande wa magharibi, moja chini ya tundu la hewa, moja katikati. Wanaokaa hapo wabonyeze wenyewe, wakati mafundi wote, pamoja na mimi, tumesimama nje ya mlango. Kaeni nao robo saa. Kisha waulizeni kama wamesikia mabadiliko mwilini, na jibu lao liandikwe kwenye cheti kabla ya sahihi yenu. Kama hawakusikia kitu, ombeni ngazi, mfungue ukuta, mtazame nyaya zimeishia wapi.

Wenu katika kazi,

Fundi wa viyoyozi,
Dar es Salaam.

Nakala: Mama Mhasibu (mstaafu).